Kaye ya Fundi Ngozi: Deni, Ushahidi na Sisi Tuliorudi

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu mnaosoma mkiwa mbali,

Mara hii komite iliniomba niandike juu ya historia, si juu ya ripoti ya miezi mitatu. Nilikubali haraka, maana ripoti zinanichosha hata mimi mwenyewe ninayeziandika. Nitaanza na kaye moja ya shule, ile ya kurasa mia, gamba lake limeliwa na mchwa upande mmoja.

Nilikuwa Fizi, katika kijiji kimoja kisicho mbali sana na Baraka, tumeketi kwenye baraza ya kusikiliza mambo ya mashamba. Mama mmoja, mjane, alikuwa amerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Alikimbia mwaka 1996 akiwa na mumewe na watoto wawili, akarudi akiwa na wajukuu na bila mume. Parsele yake ilikuwa na watu wengine ndani. Nao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameinunua, walisema, na walikuwa na karatasi ndogo yenye sahihi tatu. Mama alikuwa na kadi yake ya posho ya kambini, na maneno yake. Wazee ambao wangeweza kumshuhudia, mmoja alikufa ziwani wakati wa kukimbia, mwingine alikufa Lugufu kabla kambi ile haijafungwa, wa tatu hakuna anayejua aliko.

Sefu alimuuliza: "Mama, nani anakujua hapa?" Akanyamaza. Baadaye kijana mmoja akainuka, akaenda nyumbani, akarudi na ile kaye. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alikuwa anashona viatu, anakaza mikanda, anatengeneza kamba za mifuko ya shule, na kila aliyekopa alikuwa anaandikwa. Ukurasa wa mwaka 1994 ulikuwa na jina la marehemu mume wa mama yule: soli mbili, mkanda mmoja, atalipa wakati wa mihogo. Kando ya jina, ili asichanganywe na mtu mwingine wa jina lile lile, fundi aliandika: "wa parsele ya mwembe". Mwembe bado upo. Sefu alisoma mstari ule mara mbili, akavua miwani, akaufuta, akausoma tena.

Kaye haikumrudishia mama shamba siku ile, nisiwadanganye. Nitarudi kwa jambo hilo mwishoni. Ila mimi nilisoma historia chuo kikuu hapa Bukavu kabla sijaingia kazi ya shirika, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja: fundi wa ngozi wa kijijini, anayeandika madeni yake tu ili asiibiwe, anatuachia nini bila kujua?

Swali hili wenzetu wa Ulaya walishaanza kulijibu. Katika mji wa Reading, Uingereza, chuo kikuu kina makumbusho ya maisha ya vijijini, yaliyoanzishwa mwaka 1951. Makumbusho ya namna hiyo, na maktaba nyingi za kumbukumbu za wilaya, hutunza vitabu vya hesabu vya mafundi wadogo wa karne ya 19: wahunzi, waseremala, washona matandiko ya farasi, watengeneza ngozi. Mtu wa kawaida akivifungua atachoka kwa dakika tano. Ni majina, tarehe, hatamu imeshonwa, kola ya farasi imejazwa upya, ngozi ya mvukuto wa mhunzi imebadilishwa, kiasi, halafu mstari wa kukata kama deni limelipwa. Ukurasa baada ya ukurasa, ni hivyo hivyo.

Lakini fikiria kazi yenyewe ilivyokuwa. Ngozi ya ng'ombe ilitiwa kwenye chokaa ili nywele zitoke, ikaparuliwa, kisha ikawekwa shimoni pamoja na maji na magome ya mwaloni yaliyosagwa. Ngozi nene ya soli au ya tandiko ingeweza kukaa huko mwaka mzima na zaidi. Maana yake fundi alikuwa ametoa pesa leo kununua ngozi na magome, na hataona faida mpaka mwaka ujao. Mkulima naye hakuwa na pesa kabla ya mavuno. Basi wote waliishi kwa deni. Mwingine alileta ngozi mbili, moja ikabaki kwa fundi kuwa malipo ya kazi, moja ikarudi kwa mwenyewe. Mwingine alilipa kwa nafaka, mwingine kwa kubeba mzigo na gari lake. Kitabu kile ndicho kilichoshika kijiji pamoja. Kama fundi angesahau nani anadaiwa nini, shimo lake lingebaki tupu.

Halafu mafundi hao wa kijijini walianza kupotea. Viwanda vikubwa vya mijini vilikuja. Mwaka 1884 Augustus Schultz, wa New York, alipata hataza ya kutengeneza ngozi kwa kutumia chumvi za kromiamu, na njia hiyo ilipoboreshwa katika miaka ya 1890, kazi ya miezi ikawa kazi ya siku na majuma. Na hata kabla ya hapo, viwanda vya karibu na bandari vilikuwa vinapata ngozi mbichi nyingi zilizoletwa na meli kutoka nchi za mbali. Ngozi nyingine zilitoka kwetu. Nikisema kwetu ninamaanisha pwani ya Afrika Mashariki na nchi zilizokuwa nyuma yake.

Hapa itabidi mnivumilie kidogo, maana hadithi inazunguka bahari.

Mwaka 1833 Mmarekani aitwaye Edmund Roberts alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Ushuru wa bidhaa zinazoingia ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 akafika balozi wa kwanza wa Marekani pale Unguja, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Siku hizi mfadhili angemwita kwenye mkutano kumuuliza kuhusu mgongano wa maslahi. Aliungana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekuwa amekodi forodha ya Sultani, na kwa miaka kadhaa wawili hao walikuwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote juu ya nani anauza nini kwa Wamarekani. Waters aliondoka mwaka 1845, na karatasi zake na za wafanyabiashara wenzake wa Salem bado zimetunzwa huko Massachusetts, kwenye maktaba ya Phillips ya Peabody Essex Museum. Mwaka 1965 sehemu ya barua hizo za wafanyabiashara ilichapwa kuwa kitabu kinene, na wanahistoria wanakitumia hadi leo.

Meli za Salem zilileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa. Bibi zetu wanakijua: merikani. Jina lenyewe linasema kilikotoka. Ziliporudi zilibeba pembe za ndovu, sandarusi, karafuu, na ngozi. Ngozi zilikuja Unguja kutoka bandari za Benadir kama Brava, Merka na Mogadishu, na nyingine zilipakiwa Majunga kule Bukini. Zilikaushwa juani, zikahesabiwa kwa korja, yaani vipande 20 kwa 20, zikashindiliwa chini melini. Huko Salem na jirani yake, katika mji ulioitwa South Danvers kabla haujabadilishwa jina kuwa Peabody mwaka 1868, kulikuwa na viwanda vingi vya kusindika ngozi, na mji wa Lynn ulikuwa unaishi kwa kushona viatu. Ng'ombe aliyechunjwa Benadir alikuwa anakanyaga udongo wa Marekani akiwa soli.

Ninachotaka mwone ni hiki. Kuanzia ufukweni kwenda Salem, kila hatua ya ngozi ile ina mstari wake. Karani wa forodha aliandika. Mfanyabiashara wa Kihindi aliandika kwa Kigujarati. Mmarekani aliandika bei kwa riale za Maria Theresa, zile fedha za Austria ambazo zote zilibeba mwaka 1780 hata kama zimepigwa juzi. Nahodha aliandika. Mwenye kiwanda aliandika. Kuanzia ufukweni kurudi nyuma kwenye zizi, hakuna mstari. Mchungaji, mchunaji, mama aliyepaka ngozi samli ili ilainike: hawa hawamo kitabuni. Mimi sisemi walikuwa hawana hesabu. Ninasema hesabu yao haikuwa ya karatasi.

Watu wa bara walikuwa wanaingia kwenye vitabu hivyo kwa mlango mmoja tu, mlango wa deni. Msafara haukuondoka pwani bila mkopo. Wenye mali kama Taria Topan na Ludha Damji waliwakopesha wafanyabiashara vitambaa na shanga, nao wakaahidi kuleta pembe baada ya mwaka mmoja, miwili, hata zaidi. Hati za madeni hayo, zilizoandikwa kwa Kiarabu, ziko nyingi kwenye nyaraka za Zanzibar. Hata Tippu Tip, ambaye hapa Maniema na Kivu jina lake bado linatajwa kwa woga na hasira, alipoeleza maisha yake kwa Kiswahili alisimulia kama mtu anayefunga hesabu: frasila ngapi, kwa nani, deni la nani. Vijiji vilivyoteketea njiani havikupata nafasi kama hiyo. Na tusisahau kwamba watu pia waliandikwa kwenye hesabu hizo kama mali, idadi na bei, bila majina.

Nimeulizwa na mwanachama mmoja: "Lakini huku kwetu, matandiko ya farasi yalikuwa ya nani?" Swali zuri, na jibu lake ni fupi: hayakuwa ya mtu yeyote, karibu. Ndorobo na magonjwa mengine yaliwaua farasi na punda kati ya pwani na maziwa. Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871, alishona mwenyewe na watu wake matandiko ya punda kwa turubai na kamba, akifuata mfano uliotumiwa na jeshi la Waingereza kule Abisinia. Farasi wake wawili walikufa mapema, hata pwani haijawa mbali, na punda nao wakaanguka mmoja mmoja. Tandiko halikuwa na mgongo wa kukaa. Mzigo wote wa biashara ya Afrika ya Kati ulikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu.

Lakini huyo Stanley ametuachia hesabu nzuri sana, na ninapenda kuwaonyesha vijana wanaosema hesabu ni kitu cha kigeni kilichokuja na shirika. Waarabu na Waswahili wa Unguja walimwambia: kulisha watu 100 kwa siku kunahitaji doti 10 za kitambaa. Doti ni yadi 4, shuka ni nusu yake. Akanunua doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki, na 650 za vitambaa vya rangi. Jumlisheni: 3,650. Gawanyeni kwa 10: siku 365. Hiyo ni bajeti ya mwaka mmoja, kamili hadi siku ya mwisho, na ilitoka kwenye vichwa vya wazee wa misafara ambao wengi wao hawakushika kalamu. Mimi bajeti zangu hazijawahi kufunga vizuri namna hiyo.

Na njia ya vitambaa vile ndiyo njia yetu. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa nne mwaka 1858 kwa mitumbwi, na wakati huo Uvira ndiyo ilikuwa mwisho wa kaskazini ambako wafanyabiashara wa pwani waliruhusiwa kufika. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1871 Stanley na Livingstone walipanda kutoka Ujiji mpaka mdomo wa Ruzizi, wakathibitisha kwamba mto unaingia ziwani na wala hautoki. Wavira wangeweza kuwaambia bila safari yote ile, lakini haya. Ujiji iko karibu na Kigoma. Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma hiyo hiyo mpaka Baraka au Uvira, kuanzia mwaka 2005, na kitambulisho cha wakimbizi mfukoni. Sisi pia tulikuwa mstari kwenye kitabu cha mtu: namba ya familia, idadi ya vichwa, kilo za mzigo.

Sasa nipande milima, nije Bushi, maana wanachama wetu wa Kabare na Walungu watasema nimewasahau.

Huku juu misafara ya pwani haikuzoea kufika. Mzungu wa kwanza kujulikana kuona ziwa Kivu ni Götzen, mwaka 1894, na kituo cha Bukavu kilianza mwaka 1901. Kabla ya hapo ngozi ilikuwa nguo, kitanda, ngao, kamba, mbeleko ya mtoto, na mivukuto ya wahunzi. Namna ya kuitengeneza haikuwa ya chokaa na magome. Ngozi ilitandazwa chini, ikapigiliwa vijiti pembeni, ikakauka, ikaparuliwa, kisha ikapakwa samli na kufikichwa kwa mikono mpaka inakunjika kama kitambaa. Kazi ya siku nyingi, na mikono ya fundi ilikuwa laini kuliko ya mwami. Hayo ya mikono niliambiwa na mzee, msiniulize ushahidi.

Mzee huyo huyo, wa upande wa Kabare, ndiye aliyenipa jibu nililokuwa natafuta. Nilikuwa nimemuuliza juu ya bugabire, yaani ule mkataba ambao mwenye ng'ombe anampa mtu mwingine ng'ombe amchunge, mchungaji anapata maziwa na mbolea, na wote wawili wanafungwa na heshima ya muda mrefu. Nikamuuliza: bila karatasi, mtu anajuaje kwamba ng'ombe wake kweli alikufa, hakuuzwa? Akacheka. "Mutoto yangu, ngombe ikikufa, unaleta ngozi yake. Mwenye ngombe anatazama rangi, anatazama alama. Ngozi ndio barua. Kama hauna ngozi, ulikula ngombe ya watu."

Desturi hii haikuwa ya huku peke yake. Katika jamii nyingi za wafugaji za Afrika Mashariki zilizokuwa zinakopeshana mifugo, ngozi ndiyo iliyofunga hesabu ya ng'ombe aliyekufa. Nilipoisikia nilifikiri mara moja juu ya yule fundi wa Uingereza anayekata jina kwa mstari wa wino. Kazi ni ile ile. Ngozi inafika, watu wanaiona, jambo limeisha mbele ya mashahidi. Tofauti ni kwamba wino unabaki baada ya mashahidi kufa, na ngozi inageuka mkeka.

Na kuna siku hesabu ya ngozi inazidiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka kaskazini, ikapita katika nchi za Maziwa Makuu, ikaua ng'ombe kwa makundi mazima. Rwanda na Burundi walioshuhudia waliiita muryamo. Mtu aliyekuwa na ng'ombe 40 akabaki na wawili, au bila hata mmoja. Fikiria ngozi zilizoletwa mlangoni kwa wenye mali majira yale. Fikiria zile ambazo hazikuletwa, kwa sababu aliyepaswa kuzileta alikuwa amekimbilia kwingine kutafuta chakula. Madeni hayakuwa na wa kuyafunga. Ninawaza kwamba ugomvi mwingi wa vizazi vilivyofuata, nani mteja wa nani, nani alikuwa na ng'ombe wangapi kwa nani, ulianza katika miaka ile. Hayo ni mawazo yangu, lakini aliyeishi mwaka 1996 ataelewa kwa nini ninawaza hivyo.

Ng'ombe alikuwa pia ufunguo wa ardhi. Kwa kalinzi, mtu alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa aliye chini yake, mbele ya watu, akapata haki ya shamba yeye na watoto wake baada yake. Kulikuwa na bwasa pia, haki ya muda, nyepesi, ambayo haikurithiwa. Kati ya hizo mbili kuna tofauti kubwa kama ile ya kununua nyumba na kupanga, lakini ukisimama shambani huwezi kuiona. Mihogo ni mihogo. Tofauti ilikuwa kwenye kumbukumbu ya wale walioona ng'ombe akitolewa. Wakifa wote, kalinzi inaweza kuitwa bwasa, na mjane anaambiwa afungashe.

Serikali haikusaidia. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni ya dola. Mwenye sertifika ya kuandikishwa akalindwa. Kwa wale wanaoishi kwenye ardhi ya desturi, yaani karibu kijiji chote cha Kongo, sheria ile ile ilisema haki zao zitapangwa na agizo la raisi litakalokuja. Tunalisubiri mpaka leo. Wakati huo mwenye pesa na rafiki bironi aliweza kupata sertifika juu ya kilima ambacho babu za watu walikilipia ng'ombe. Nimeona mambo hayo kwa macho katika kazi yangu, katika ofisi ambayo sitaitaja: mtu anaonyesha kaburi la babu yake kuwa ushahidi, na karani anamwomba karatasi yenye muhuri.

Ndiyo maana komite yetu imeanza kujadili jambo ambalo kwa wengine linaonekana la ajabu: kukusanya kaye za zamani. Si kaye za chama chetu tu. Sanduku letu la akiba lenye kufuli tatu na vitabu vyake vya mihuri liko salama, na wafadhili wanaliona kila wakikaguwa. Ninasema juu ya kaye za mafundi viatu, za washona nguo, za wenye butiki, za wenye mashine ya kusaga, za likelemba za kina mama za kabla ya vita. Kila mahali ambapo mtu aliandika "fulani, wa karibu na kisima, ananidai" au "simdai tena".

Mkutano wa mwisho haukuwa mtulivu juu ya hili. Mama mmoja alisimama akasema wazi: orodha zinaua. Alikuwa na haki. Wengi wetu tunakumbuka nyakati ambapo kuonekana kwenye orodha ya majina kulikuwa hatari, au kulileta mtoza kodi wa kikundi fulani chenye bunduki mlangoni usiku. Kuna sababu watu wetu waliamua kushika mambo kichwani. Mwingine alisema kaye ya deni ni siri ya mtu. Nani anataka watoto wake wasome kwamba baba alikopa mkanda miaka miwili bila kulipa? Na kijana mmoja, aliyezaliwa Nyarugusu, alisema yeye hana kaye yoyote ya zamani ya kuleta, basi chama kitamwandika kwa lipi? Sikuwa na jibu la haraka kwa huyo. Bado sina.

Mimi binafsi ninaona hivi. Kaye ibaki kwa mwenyewe. Chama kipige picha ya kurasa ambazo mwenyewe amekubali, mbele yake, na majina ya wadeni wengine yafunikwe mpaka wao au watoto wao waulizwe. Picha zisiwekwe mahali pamoja tu. Wafadhili wakitaka kuona, waone idadi, siyo majina. Najua fomu yao ina nafasi ya majina. Tutawaandikia barua kuwaeleza, na barua hiyo inajadiliwa kwenye mkutano wa mwezi ujao, kwa hiyo njooni.

Tuwe wakweli pia juu ya nguvu ya karatasi hizi. Kaye ya fundi si sertifika. Mahakama inaweza kuitupa. Inachofanya ni kitu kidogo zaidi: inaonyesha kwamba mtu alikuwa mahali fulani, mwaka fulani, akijulikana kwa mti fulani, na kwamba jirani alimwamini kiasi cha kumpa soli mbili mpaka mavuno. Aliyeandika hakuwa na sababu ya kusema uongo kuhusu shamba, kwa kuwa hakuwa anaandika kuhusu shamba. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Yule sefu wa Fizi aliliona hilo haraka kuliko mimi niliyesoma.

Kuhusu mama yule. Baraza ilikubali kwamba mumewe aliishi kwenye parsele ya mwembe mwaka 1994. Wale walionunua hawakubishi tena juu ya hilo. Wanachobisha ni nani aliwauzia, na nani atawarudishia pesa zao. Muuzaji hajapatikana. Katika mkutano wa pili walikubali mama apande maharage upande wa chini, kwenye mteremko, wakati jambo linaendelea, na mti wenyewe maembe yake yagawanywe. Watasikilizwa tena baada ya mvua.

Kaye ilikaa wiki tatu kwenye sanduku letu hapa Bukavu, ndani ya mfuko wa plastiki, tukaipiga picha. Halafu kijana wa fundi akapiga simu akaitaka irudi. Nikamwambia tutaituma na dereva siku ya Alhamisi, nikamuuliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna tatizo, ila ameisoma yote kwa mara ya kwanza tangu baba afe, na kuna watu wanne humo ambao wako hai, wanapita mbele ya nyumba yao kila siku kwenda sokoni, na hawajalipa.